Hapana Mbili za Delmar Kucera

Delmar Kucera, hata kama nyumba yake ingekuwa inaungua na wewe umemletea ndoo ya maji, angekwambia hapana, usijisumbue. Nimekaa naye ua kwa ua tangu sote tuna nywele nyeusi, kwa hiyo nasema ninachokijua. Kila Jumamosi nikioka kolachi, yale maandazi ya duara yenye jamu ya plamu katikati ambayo bibi zetu walikuja nayo kutoka Bohemia, ng'ambo ya bahari, namvukia uani na sahani. "Aa, Marlys, nimeshakula." Namwambia bado yana moto. "Hapana, kweli, wape wengine." Nasimama palepale mlangoni, baridi inanichoma mgongoni, nimeshaanza kukasirika, namwambia, "Delmar, chukua bwana." Hapo ndipo anapokohoa kidogo, anafuta mikono kwenye suruali, anasema, "Basi kamoja tu." Anachukua matatu.

Msimcheke. Hapa Cedar Rapids wengi wa rika letu tumelelewa hivyo. Ukikubali mara ya kwanza, wewe mlafi. Ukikubali mara ya pili, ina maana ulikuwa unavizia. Ya tatu ndiyo adabu, kwa sababu hapo umeshahakikisha kwamba anayekupa anakupa kwa moyo, hasemi kwa mdomo tu. Mtoto mdogo wa hapa anaijua desturi hiyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Tatizo huja kwa wale waliohamia miji ambako mtu anaulizwa mara moja, anajibu mara moja, na maisha yanaendelea.

Kendra, binti yake, ni mmoja wa hao. Aliondoka akiwa msichana akaenda Seattle kusoma, akapata kazi hukohuko, akapata mume, Theo, wakapata mtoto wa kike, Junie. Kwa miaka mingi hilo halikuleta madhara, kwa sababu Bev alikuwepo. Bev alikuwa mke wa Delmar, na rafiki yangu kuliko dada zangu. Kila Jumapili Kendra alipopiga simu, Delmar alitoa hapana zake, kisha Bev akamnyang'anya simu: "Kendra, usimsikilize baba yako. Anataka. Mleteni mtoto Krismasi." Mwanamke yule alikuwa mkalimani wa mume wake mwenyewe. Kisha saratani ikamchukua, mzee akabaki na simu yake na hapana zake, na hakuna wa kumtafsiria.

Jumapili moja ya baridi kali Delmar aliingia jikoni kwangu bila kubisha hodi, kama kawaida yake.

"Kahawa?" nikamuuliza.

"Hapana, sikai."

Nikammiminia bila kuendelea na mchezo ule, maana siku hiyo magoti yalikuwa yananiuma. Akakaa.

"Kendra amepiga," akasema.

"Anapiga kila Jumapili, hiyo si habari."

"Wanafikiria kuhama. Kodi ya kule inawamaliza, na kununua nyumba ndio usiseme. Kazi ya Theo ni ya kompyuta, anaweza kuifanya popote. Wanatafuta mji wa kadiri huku kwetu katikati ya nchi, wenye nyumba ambazo mtu wa kawaida anaweza kununua." Akazungusha kikombe kwenye kisahani chake. "Wanafikiria na hapa."

Maneno hayo ya mwisho aliyasema kama mtu anayetaja bei ya mahindi. Lakini mimi nilikuwa natazama masikio. Delmar akifurahi masikio yake yanakuwa mekundu, hilo hakuweza kulificha hata siku ya harusi yake.

"Nyumba ya akina Ostrand inauzwa," nikamwambia. Hiyo iko ng'ambo ya barabara, inatazamana na dirisha lake la jikoni. Ukiosha vyombo unaona kila anayetoka na anayeingia.

"Ndiyo, nimekiona kibao."

"Umemwambia?"

"Kwa nini nimwambie? Wana macho. Wataiona wenyewe kwenye mtandao."

"Delmar."

"Sitaki kuwasukuma, Marlys. Mtoto akija kwa kusukumwa, kila siku itakayomwendea vibaya atakutazama wewe. Nataka aje kwa sababu anataka. Na wewe usije ukapeleka mdomo wako huko."

Nikamwahidi. Basi nikakaa dirishani mwangu nikamtazama mzee yule akifanya kazi ambazo hakuna aliyemtuma. Theluji ilipoanguka alifagia njia ya gari yake, kisha akavuka barabara na koleo lake akafagia ya akina Ostrand, nyumba tupu isiyo na mtu wa kupita. Majira ya kuchipua yalipofika akawa anakata nyasi za kule kabla ya zake. Akanyoosha lango lililokuwa limelegea. Akapanda maua kando ya ngazi, yeye ambaye Bev alimwomba maua maisha yake yote akapewa nyanya. Dalali, mama mmoja wa gari jeupe, alidhani ofisini kwao wameajiri mtunza bustani. Alimpungia mkono, na Delmar akampungia kwa heshima zote.

Juu kwake kulikuwa na chumba ambacho Bev alikuwa akishonea. Akatoa cherehani, akapaka kuta rangi ya njano, akafunga kitanda kidogo cha mbao na rafu chini ya dirisha. Nilipanda ngazi kwenda kumchungulia.

"Cha nani hiki?"

"Cha Junie. Siku wazazi wake wakitaka kutoka jioni, si atahitaji mahali pa kulala?"

"Na hii njano?"

"Ilikuwa kwenye punguzo."

Uongo mtupu. Nilimwona akienda dukani na kurudi na vikopo vya kujaribia mpaka muuzaji akawa anamwita kwa jina. Nilimtania kwamba akiendelea hivyo atakipaka rangi na kile kibao cha dalali. Hakucheka, masikio tu yakawa mekundu.

Walikuja Mei, maua ya lailaki yamechanua, na siku hiyo upepo ulikuwa unatoka upande wa kiwanda cha nafaka, mji mzima unanukia uji uliochomwa kidogo na sukari. Kendra alishuka kwenye gari la kukodi akavuta pumzi hiyo, akasimama, macho yakamjaa. "Nilikuwa nimesahau," akasema. Mimi nikafikiri, kazi imekwisha, huyu ameshafika.

Theo ni kijana mzuri, sina neno naye sasa. Lakini siku ile alinishangaza. Nilikuwa nimeoka pai ya cheri, nikamuuliza kama angependa kipande. "Ndiyo, asante sana!" Hapohapo, mara ya kwanza. Delmar akanitazama. Theo akamaliza, akaifuta sahani, akasema, "Naweza kuongeza?" Delmar akanitazama tena, kama mtu aliyemwona mbwa wake akifungua friji mwenyewe.

"Ni mtu wa kule," nikamnong'oneza. "Wanasema wanachotaka."

"Wote?"

"Wote."

Akatikisa kichwa, akamwonea huruma mkwewe.

Mchana walivuka barabara na mama wa gari jeupe kuangalia nyumba ya akina Ostrand. Delmar hakwenda. Alisema ana kazi kwenye banda la gari. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama nyuma ya kile kidirisha chenye vumbi na kutazama. Mimi nilikwenda, maana mimi sina aibu hiyo. Junie alikimbia chumba hadi chumba akijigawia: hiki changu, hiki cha wanasesere, hiki cha paka tutakayemnunua. Theo aligonga ukuta kama watu wanaojua kitu kuhusu kuta. Kendra akaenda moja kwa moja jikoni, akasimama kwenye sinki, akatazama ng'ambo, kwenye dirisha la jikoni la baba yake.

"Ningekuwa namwona kila asubuhi," akasema.

"Na yeye angekuona," nikasema.

"Lakini angetaka? Mama alikuwa akiniambia anachofikiria Baba. Sasa hata sijui nimuulize vipi."

Midomo ilinicheza, nakiri. Lakini neno nililompa Delmar lilikuwa shingoni. Nikamwambia tu, "Muulize." Na nikaongeza, "Usichoke kumuuliza." Hilo kwangu lilikuwa neno kubwa, niliona nimeshatoboa siri yote.

Alimuuliza baada ya chakula. Theo alikuwa uani na mtoto, mimi nafuta vyombo. Kendra akakaa mbele ya baba yake akaweka mikono yote miwili mezani.

"Baba, nikuulize kitu, na unijibu ukweli. Ungependa sisi tuhamie hapa?"

Delmar akaanza kukusanya makombo ya mkate kwa upande wa kiganja, akayapanga.

"Aa, mwanangu. Msifanye hivyo kwa ajili yangu. Mna maisha yenu kule."

Nilimwona Kendra usoni. Alikuwa ameruka nusu ya nchi kuja kusikia neno moja, na hakulipata. Akajikaza, akasema sawa, akainuka kunisaidia vyombo. Sikushtuka sana. Hiyo ilikuwa ya kwanza, na ya kwanza haihesabiki.

Junie akaingia akauliza kuna nini kwenye chumba cha juu kilichofungwa. "Takataka tu," babu yake akasema. "Mambo ya zamani ya bibi yako." Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Hakutaka wakione, wasije wakajiona wametegwa. Ningeweza kumpiga na ule mwiko niliokuwa naufuta.

Sasa, kuaga kwetu si kwa kuinuka na kuondoka. Mwenye nyumba anajipiga magoti kwa viganja, anasema, "Haya basi," halafu hakuna anayeondoka. Mnasimama mlangoni mkazungumzia barabara. Mnatoka kwenye ngazi mkazungumzia mvua. Mnafika kwenye gari, wageni wanaingia, dirisha linashushwa, na pale dirishani ndipo mambo ya kweli husemwa: ugonjwa, ugomvi, samahani. Mtu anaweza kukaa kwako kutwa nzima asiseme kitu, akasema yote pale injini ikiwa inawaka.

Kwenye ngazi Kendra akamshika baba yake mkono. "Baba, una hakika? Kwa sababu kama ungependa, tungekuja. Nyumba ile tumeipenda."

"Mimi niko sawa kabisa," Delmar akasema, lakini kwa sauti ya chini, na akamtazama. Yeyote aliyezaliwa mtaa huu angeisikia ile sauti. Ilikuwa hapana ambayo tayari imefungua mlango. "Msiwe na wasiwasi na mimi."

Ya pili hiyo. Nikakimbia ndani, nikafunga kolachi kwenye karatasi polepole makusudi, nikarudi nikazipitisha dirishani, nikauliza habari za ndege, nikauliza habari za mama yake Theo ambaye sijawahi kumwona. Nilikuwa navuta muda. Delmar alikuwa ameinama dirishani upande wa Kendra, mkono mmoja juu ya paa la gari, uso wake karibu kabisa na wa binti yake. Masikio mekundu. Anangoja.

"Tutachelewa, mpenzi," Theo akasema kwa upole. "Na ameshasema mara mbili. Inabidi tumheshimu."

Kendra akambusu baba yake shavuni. "Kwaheri, Baba," akasema.

Gari likaenda mpaka kanisani, likakata kona. Delmar alibaki barabarani mkono uko juu, kama aliyesahau kuushusha.

"Angeuliza tena ningemwambia," akasema.

"Basi mpigie. Hawajafika hata uwanja wa ndege."

"Ameuliza, nimejibu."

"Umejibu uongo!"

"Nimejibu kama nilivyofundishwa," akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Nikimpigia sasa itakuwa mimi ndiye ninayeomba. Ataniuliza tena. Jumapili ataniuliza."

Hakumuuliza. Jumapili ile, na zilizofuata, Kendra alipiga, wakazungumza habari za Junie na meno yake, na Delmar akawa anamtupia vijineno. Kwamba bei ya nyumba ya Ostrand imeshushwa. Kwamba shule ya msingi ya hapa imepata mwalimu mpya wa muziki. Kila alichosema, kwa masikio yetu, kilikuwa sawa na mtu aliyepiga magoti. Kwa masikio ya Seattle zilikuwa habari za mtaa. Baada ya simu alikuwa anavuka uani kuja kwangu, anakaa, anazungusha kikombe, na mimi nilishajua kwamba leo pia hakuulizwa. Aliendelea kukata zile nyasi za ng'ambo jua likimpiga kisogoni. Ilinichoma roho kumtazama, nikashusha pazia.

Mwisho nikapiga simu mwenyewe. Ahadi ni ahadi, kwa hiyo sikusema kitu alichonikataza. Lakini niliongea waziwazi kadiri nilivyoweza. Nilimwambia, "Kendra, nyumba ya akina Ostrand bado haijauzwa." Kwetu hapa hiyo ni kupiga kelele.

"Jamani," akasema. "Natumaini wataipatia mnunuzi hivi karibuni, Bi Marlys."

Nikakata simu nikaitazama kama nyoka.

Agosti Delmar akaja na kofia mkononi. "Wamepata nyumba," akasema. Niliruka kitini na magoti yangu haya. Akainua kiganja. "Fort Wayne. Indiana."

"Fort Wayne kuna nini?"

"Kama hapa tu. Wanasema nyumba ni kama hizihizi, kibaraza mbele, ua nyuma. Mto upo. Watu ni wakarimu." Akajaribu kucheka. "Anasema walikuwa wanataka mji kama huu, ila hawakutaka kunikalia shingoni. Anasema amenielewa, kwamba nimezoea kuwa peke yangu."

Mji uleule, nyumba zilezile, watu walewale, ila hakuna Delmar. Nilitukana, tena matusi ambayo mume wangu marehemu alikuwa akiyaweka kwa siku trekta lake linapogoma.

"Amekualika?"

"Amenialika. Siku ya Shukrani, Novemba."

"Ukasemaje?"

"Nikamwambia wasijisumbue." Nikamuuliza amealikwa mara ngapi. Akainua kidole kimoja, kisha akakitazama kile kidole chake.

"Delmar, mpigie umwambie! Utakufa na tai shingoni, wewe mwanaume!"

"Wameshaweka sahihi, Marlys. Niwaambie sasa ili iweje? Wajisikie vibaya kwenye nyumba mpya?" Akavaa kofia. "Nilifikiri ataniuliza tena. Mama yake angeuliza." Na akalia. Alisimama katikati ya jiko langu akalia na kofia kichwani, na mimi nikamshika bega, kitu ambacho hatujawahi kufanya. Sikumpa chochote cha kula. Siku hiyo hakuna mkate wowote ambao ungesaidia.

Alikata nyasi za akina Ostrand mara moja zaidi, kwa sababu, alisema, zilikuwa zimefika nusu. Nyumba ikanunuliwa na vijana fulani wenye mbwa. Alifunga pazia la jikoni akawa anaoshea vyombo gizani.

Januari theluji ilianguka usiku kucha. Nilipoamka njia ya gari ya Delmar ilikuwa nyeupe tupu, haina hata alama ya kiatu. Nikanywa kahawa, nikatazama tena. Ilikuwa bado nyeupe. Katika miaka yote ya ujirani wetu jua halijawahi kuikuta theluji pale. Nikavaa koti juu ya nguo ya kulalia, nikavuka, na sikubisha hodi. Alikuwa kwenye kiti chake kando ya simu, amevaa viatu vya theluji tayari, mguu mmoja umeshafungwa kamba na mwingine bado. Daktari alisema ni moyo. Nikamwambia najua ni moyo.

Walikuja kwa gari kutoka Fort Wayne, safari ya mchana mmoja tu, na hilo lilinichoma zaidi. Baada ya mazishi watu wa kanisa walilisha kila mtu sandwichi za nyama kwenye ukumbi wa chini wa kanisa, wakamwambia Kendra kwamba baba yake alikuwa mtu asiyesumbua mtu. Alikuwa anawashukuru kwa hilo, masikini. Theo akamlaza Junie kwangu, na mimi na Kendra tukaenda nyumbani kwa Delmar kutafuta suti moja ya Bev ambayo Kendra alitaka kuihifadhi. Ufunguo wa chumba cha juu ulikuwa kwenye msumari. Sikumzuia.

Alifungua mlango akasimama. Jua la jioni lilikuwa linaingia kwenye zile kuta za njano. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu ya mto kulikuwa na paka wa kitambaa, bado ana karatasi ya dukani sikioni. Huyo hata mimi nilikuwa sijamwona.

"Ni nini hiki?"

"Cha Junie."

"Amekifanya lini?"

"Kabla hamjaja Mei."

"Alituambia ni takataka." Akagusa ukuta kwa kidole kimoja, kama rangi bado mbichi. "Kwa nini? Bi Marlys, nilimuuliza. Pale mezani, nikamwambia nijibu ukweli, akasema hapana. Nikamuuliza tena kwenye ngazi, akasema hapana. Nililia njia nzima. Theo akawa ananiambia, baba yako anakupenda, ila hataki watu karibu. Nimeishi na hilo miezi yote hii. Kwamba baba yangu hanitaki karibu."

Na sisi tukikosa la kusema tunapeleka chakula. Nikamshusha jikoni, nikamkalisha pale mezani, nikafunua sahani ya kolachi niliyoileta asubuhi.

"Kula kitu."

"Asante, Bi Marlys, nimeshakula kanisani."

"Hujala, nilikuwa nakutazama. Ni za plamu, zile unazozipenda."

"Hapana, kweli. Wawekee akina Theo."

"Kendra," nikasema. "Chukua, mwanangu."

"Basi kamoja tu," akasema, na mkono tayari ulikuwa kwenye sahani.

Mkono ukasimama palepale. Akaitazama kolachi, akanitazama mimi. Miaka yote hiyo kule Seattle, na mkono wake haukuwa umesahau. Niliona midomo yake ikitembea bila sauti, anarudi nyuma, mezani, kwenye ngazi, kwenye gari. Alipofika kwenye gari uso wake ukabadilika, na ninaomba Mungu nisione tena uso wa mtu ukibadilika vile.

"Pale dirishani," akasema. "Aliinama. Mimi nilidhani anataka nimbusu."

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema mzee alikuwa na mgongo, au kwamba jua lilikuwa linamwumiza macho. Ndivyo tunavyofanya hapa, tunamfunika mtu asiumie. Lakini nilikuwa nimemfunika Delmar mpaka nikamzika.

"Alikuwa anangoja uulize," nikamwambia. "Alitaka mje. Hakuna kitu alichokitaka kuliko hicho."

Lilikuwa jambo la kwanza maishani mwangu kulisema moja kwa moja namna ile, na halikuwa na faida tena kwa mtu yeyote. Kendra aliila ile kolachi yote, huku analia, na mimi nikakaa naye.